Sekunde Tatu za Bibi Subilaga

1

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili mtu asije akahangaika kumtafuta mchawi, wakati mchawi mwenyewe ndiye anayesimulia. Nililifanya kwa mkono wangu huu wa kulia, kwa nia njema na kwa ujeuri kidogo, na kwa wiki sita nzima sikumwambia mtu yeyote.

Ilikuwa Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, mvua ya Tukuyu inanyesha kama kawaida yake. Nilikuwa nimemaliza tu kumimina chai ya tangawizi nilipoona ubao wa ukutani umegeuka njano. Diski, asilimia tisini na moja.

"Tuse," kaka Gwakisa akaniita bila kugeuka. Gwakisa Mwakyoma ndiye mkuu wa kituo chetu, mtu mnene mwenye sauti ya upole, na akianza kusema polepole ujue mambo yameharibika. "Tuse, hebu njoo uone kitu," akasema polepole.

Nikaacha chai.

Chini ya ule ubao kuna majina ya wazee mia tatu na kumi na wawili, kila jina na taa yake ya kijani. Ni wazee waliopoteza kumbukumbu, kila mmoja amevaa ushanga sikioni. Taa ikipepesa, ujue ushanga umemnong'oneza mwenyewe jambo huko aliko: huyu anayeingia ni mkweo, dawa umeshakunywa, sufuria liko motoni. Umemwambia nini hasa, sisi hatujui. Sharti la kwanza la kituo limebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa: USISOME. La pili liko chini yake: USIANDIKE. Sisi ni mafundi tu. Kazi yetu ni kuhakikisha mnong'ono haukatiki, na madaftari ambamo kila ushanga huandika siku za mzee wake hayajai.

Sasa yalikuwa yanajaa.

Nikajumlisha ukubwa wa madaftari yote ya wazee wote. Hayakufika hata nusu ya diski. Nikajumlisha tena, maana mimi nikiwa na haraka huwa najumlisha vibaya. Jibu likawa lile lile. Diski inasema sina nafasi, madaftari yanasema nafasi tele.

"Kuna daftari limefutwa, ila bado lina mtu ndani," Gwakisa akasema.

"Haiwezekani."

"Uliza mashine, usiniulize mimi."

Nikaandika amri ya kuuliza ni programu gani imeshikilia faili ambalo jina lake halipo tena. Jibu likaja mstari mmoja: *Subilaga Mwandemele. Limefutwa leo, saa nne na robo.*

Jamani! Nikaketi juu ya ndoo ya kudekia, maana ndiyo iliyokuwa karibu.

Kila Jumanne, saa nne na robo, mashine huzungusha madaftari. La wiki iliyopita linasogezwa pembeni na kupewa namba, jipya linawekwa mahali pake. Halafu programu ya kila mzee inagongwa bega. Ndivyo tunavyosema sisi. Haizimwi, inaambiwa tu: inua kichwa, hilo limejaa, shika jipya. Bila kugongwa bega, programu haijui kilichotokea. Ni kama karani aliyeinamia daftari lake: wewe unaweza kubandua jalada, ukabandika jina jingine, hata ukalifuta kwenye orodha ya stoo, yeye anaandika tu mle mle. Daftari likishafungwa, mashine hulisoma yenyewe, ikachuja yaliyo muhimu na kuyahifadhi kwenye ghala la kudumu. Baada ya wiki sita, lile la mwanzo hutupwa, kwa kuwa yake yote yameshachujwa.

Ila daftari lenye mtu ndani halichujwi, na lisipochujwa linazidi kuvimba kila saa. Na programu ya kutupa, iliyoandikwa na mtu mwingine mwaka mwingine, haiulizi kama kuna mtu ndani.

"Kwa nini huyu bibi hakugongwa bega?" Gwakisa akauliza.

Nikajifanya nasoma tena ule mstari.

"Tusekile."

"Nilikizima kile kipengele," nikasema. "Kwake yeye peke yake."

Ni hizi sekunde tatu. Programu ikigongwa bega, ushanga hunyamaza sekunde tatu, na katika ukimya ule mzee hajui yuko wapi wala na nani. Ndiyo maana kwetu hapa kuna chai ya Jumanne. Saa nne na robo kila mzee wa mnong'ono anakaa kitako na mtu wake: binti, mkwe, jirani, hata mwenye duka. Wanashikana mikono. Sekunde tatu zinapita, sauti inarudi, chai inanywewa. Watu wa Tukuyu wameizoea hata sokoni, utaona mama ameacha kupima maharage, amemshika mkono baba mkwe wake, mteja anasubiri bila kulalamika.

Bibi Subilaga hakuwa na mtu. Aliishi peke yake Kyimbila, juu ya mashamba ya chai. Wiki sita zilizopita sekunde zile zilimkuta amebeba sufuria la maji ya moto. Alinipigia simu mwenyewe, analia kwa maumivu na kwa hasira. "Mjukuu wangu, usininyamazie tena! Niahidi!" Nikaahidi. Nikaingia kwenye maagizo yake, nikaweka alama mbele ya ule mstari wa kugonga bega ili mashine iuruke. Nikajiambia nitaurudisha wiki ijayo, nikishampatia mtu wa kumshika mkono. Wiki ijayo nikasema ijayo. Mnajua inavyokuwa.

Gwakisa alinisikiliza hadi mwisho. Hakufoka. Ningefurahi kama angefoka.

"Kwa hiyo wiki sita zake zote ziko mle," akasema.

"Zote. Tangu siku ile alipoungua."

"Tunakili."

Nilikuwa nimeshapiga hesabu. Mashine za kumbukumbu hazina hata tundu moja la kuchomeka kitu. Sheria ndivyo inavyotaka, tangu watu walipoanza kuiba kumbukumbu za wenzao. Njia ni moja, waya wa kwenda kituo cha Mbeya, nao ni mwembamba. Nakala ingeisha saa kumi na mbili jioni. Diski ingejaa saa saba mchana. Na nusu ya daftari si daftari, kwa sababu kufuli lake liko kwenye ukurasa wa mwisho.

"Ikijaa?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Ushanga usioweza kuandika hausemi. Mia tatu na kumi na wawili watanyamaziwa kwa pamoja, na si kwa sekunde tatu. Wengine saa hizi wako barabarani, Tuse. Wengine wamewasha moto." Akasogeza kiti kwenye kibodi. "Namgonga bega sasa hivi. Daftari litafungwa, litapotea, nafasi itarudi. Yeye hatajua hata kilichopotea."

"Ndicho kinachoniumiza hicho! Niache kwanza niende nikamwambie."

"Umwambie jambo ambalo, ukishamgonga bega, atasahau kwamba aliambiwa? Faida yake nini?"

"Atakuwa ameambiwa," nikasema. "Hizo ni siku zake, kaka, si zangu wala zako. Na safari hii hataachwa peke yake na sufuria mkononi. Nitamshika mkono mimi."

Akaiachia kibodi. Taa ya Bibi Subilaga ikapepesa ukutani.

"Una mpaka saa saba kasorobo," akasema. "Dakika moja ikizidi nagonga, uwe umemwambia au hujamwambia. Na ukirudi tutaongea, mimi na wewe."

2

Pikipiki ya kituo inaendeshwa kwa betri na haina nguvu mlimani, kwa hiyo kipande cha mwisho nilikisukuma kwenye tope, nikiitukana. Nilifika saa sita kasoro dakika kumi, nimeloa, viatu vimekuwa vizito kama matofali.

Jikoni kwa Bibi Subilaga moshi ulikuwa unatokea juu ya mlango. Nikapiga hodi.

"Karibu, ila uache hivyo viatu nje!"

Nilitegemea kumkuta peke yake. Walikuwa wawili. Bibi Subilaga mwenyewe, miaka themanini na moja, mwembamba, macho makali, ameketi kwenye kigoda na mguu wake wenye kovu ameunyoosha kando ya moto. Mbele yake, akiwa na kisu kama chake, bibi mwingine mnene kidogo, vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Katikati yao kulikuwa na beseni la ndizi zilizomenywa, chungu nzima, na mkungu mwingine ulikuwa unasubiri.

Ushanga sikioni mwa Bibi Subilaga ukapepesa. "Aa, Tusekile wa kituo," akasema. "Yule aliyeniahidi. Karibu mjukuu wangu. Huyu ni mdogo wangu, Bupe. Mwangalie vizuri, maana miaka ishirini na miwili sikutaka kumwona hata picha yake."

"Dada naye!" Bibi Bupe akasema, akicheka kwa aibu.

"Si kweli? Mwezi uliopita alikuja hapa mlangoni, nikamfukuza. Kesho yake akaja, nikamfukuza. Siku ya tatu nikammwagia maji ya kuoshea vyombo. Siku ya nne akaja na mwavuli!" Akacheka hadi akakohoa. "Nikasema basi, mtu mwenye kichwa kigumu hivi ni wa mama yangu kweli. Sasa haondoki. Anaweka chumvi nyingi, anakoroma, lakini haondoki."

Loh. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia bibi mpweke kwamba atapoteza wiki sita za kumenya ndizi. Hakuna aliyenieleza kuwa ndani ya hizo wiki amempata ndugu yake.

"Mbona umenyong'onyea? Mpe chai, Bupe."

"Bibi, sikuja kunywa chai," nikasema. Na nikamwaga yote. Kipengele nilichokizima. Daftari lisilo na jina. Diski. Wazee wengine mia tatu na kumi na mmoja. Saa saba kasorobo. Nilisema haraka haraka na vibaya, nikirudia mengine mara mbili, na nilipofika kwenye wiki sita nikachanganya, ikabidi nianze upya.

Kisu cha Bibi Subilaga hakikusimama. Alimenya ndizi moja hadi mwisho, akaitupa kwenye beseni.

"Kwa hiyo nitarudi siku niliyoungua."

"Ndiyo, bibi."

"Na huyu," akamnyooshea mdogo wake kisu, "atakuwa tena yule niliyemfukuza."

"Ndiyo. Nisamehe bibi. Mimi ndiye niliyefanya, si mashine."

"Ulifanya kwa sababu nilikulilia."

"Ningeweza kukutafutia mtu wa kukushika mkono. Hiyo ndiyo ingekuwa kazi. Nikaona kuzima mstari ni rahisi zaidi."

"Hapo umesema kweli," akasema, na sikuona kama ananitania.

Bibi Bupe ndiye aliyeinuka. Alinishika mkono kwa vidole vyake vinavyonata, akanibana hasa. "Mwanangu, wewe ni fundi. Kitu hicho kinamnong'oneza kila siku. Si uandike? Neno moja tu kwenye hilo daftari jipya. *Bupe umeshamsamehe.* Basi. Kinong'one hivyo, yaishe!"

Nitasema ukweli: nilitamani. Ilikuwa kazi ya nusu dakika, mstari mmoja kwenye ukurasa wa kwanza. Ningempigia Gwakisa, au nisimwambie kabisa, kwa kuwa kuficha nilikuwa nimeshazoea. Ningekuwa nimeziba pengo nililolitoboa mwenyewe, kila mtu angekula ndizi zake, na mimi ningelala usingizi. Sharti la pili mlangoni, USIANDIKE, lilionekana kama sharti la watu wasio na roho.

"Inawezekana," nikasema.

"Ngoja," akasema Bibi Subilaga. "Ukiandika hilo, mimi nitajuaje kama nililisema kweli au nimetiliwa tu?"

"Hutajua, bibi. Litakuwa sikioni kama mengine yote."

"Na kesho mwingine akitaka nisaini shamba, naye ataandika kuwa nilishakubali?"

"Anaweza, bibi."

"Basi usiandike. Nikiwekewa msamaha sikioni, nitakuwa nimesamehe mimi au umesamehe wewe? Msinitilie maneno, tafadhali. Ya kwangu yananitosha, hata hayo machache." Akachukua ndizi nyingine. "Isitoshe, Bupe ana kichwa kizima. Hasahau hata deni la sukari. Yeye ndiye atakayenisimulia. Wewe Bupe, utanieleza jinsi ulivyokuja, na jinsi mama alivyozikwa, kama ulivyonieleza. Nitakusikia tena."

Nilidhani Bibi Bupe angefurahi. Badala yake aliketi taratibu, kisu kikamwanguka.

"Dada."

"Nini tena?"

"Kama ni mimi wa kusimulia, siwezi kusimulia vile."

Nje mvua ilikuwa imepungua. Niliweza kusikia mto kule bondeni, na nikatamani kuwa huko. Haya hayakuwa mambo yangu, lakini mlango ulikuwa nyuma ya Bibi Bupe, nisingeweza kupita.

Habari yenyewe nitaifupisha. Mama yao alifariki Bibi Subilaga akiwa Mwanza. Akapanda basi siku ile ile. Daraja likachukuliwa na maji njiani, akalala barabarani, akafika Jumapili asubuhi na kukuta kaburi lina udongo mbichi. Maiti haikumngoja. Miaka yote Bibi Bupe alisema wazee wa ukoo ndio walioamua, naye alishindwa kuwabishia. Kwa kosa hilo la kutobisha, dada yake hakumsemesha miaka ishirini na miwili, na kwa kosa hilo hilo alikuwa amemsamehe mwezi uliopita.

"Wazee hawakuamua," Bibi Bupe akasema, akiiambia mikono yake. "Waliniuliza mimi. Walisema, wewe ndiye uliyemuuguza, sema, tumngoje dada yako? Nikasema msimngoje."

Bibi Subilaga akaacha kumenya.

"Miaka minne nilimgeuza mama kitandani peke yangu. Wewe ulikuja Krismasi na vitenge, kijiji kizima kikakusifu. Nilikuwa na hasira, dada. Nilitaka na mimi niwe na kitu kimoja cha mama ambacho wewe huna. Nikakunyima kumzika." Akaanza kulia, bila sauti. "Mwezi uliopita nilikuja kukwambia hayo. Nikakuta unasamehe lile dogo, nikaona niliache hapo hapo."

Moto ulipasua kuni. Bibi Subilaga alikuwa amekaza uso hata ngozi ya paji imevutika. Ushanga wake ulipepesa mara moja, mara mbili, ukanyamaza; hapakuwa na la kumkumbusha.

"Wazee wa watu," akasema mwishowe, kwa sauti nzito. "Mzee Mwaijande, mkubwa wao, amekufa sikwenda msibani kwake. Nilimwona muuaji."

"Najua."

"Unajua! Usiniambie unajua!" Akapiga beseni kwa mpini wa kisu, ndizi mbili zikarukia majivuni. Robo saa nzima, nadhani, ikapita hivyo. Hakuna aliyeongeza kuni. Nilikaa kwenye kona yangu kama mtoto aliyevunja sahani.

Simu yangu ikatetemeka. Gwakisa. "Asilimia tisini na nane," akasema. "Dakika tano, Tuse."

Nikawaambia.

"Kwa hiyo na hili nitalisahau," akasema Bibi Subilaga.

"Ndiyo, bibi."

"Bupe. Utalisema tena? Hili la leo, si lile la mwezi uliopita."

"Nitalisema."

"Nitakufukuza. Mimi najijua."

"Nitakaa mlangoni."

"Sina mwavuli wa kukupa." Akanyoosha mkono, bila kumwangalia, kiganja juu. "Haya njoo unishike. Nimekuchukia hivi sasa hata sijui niseme nini, lakini sitaki kuachwa peke yangu katika zile sekunde."

Nikasogeza sufuria la maji ya moto mbali na miguu yao. Bibi Bupe akapiga magoti kwenye maganda, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, weusi kwa weusi, wote wamejaa utomvu.

"Kaka," nikasema kwenye simu. "Gonga."

3

Sekunde tatu ni ndefu kama hujawahi kuzitazama. Katika ya kwanza macho ya Bibi Subilaga yalilegea. Katika ya pili yalitafuta ukuta, moto, mlango, mimi, na hayakumpata yeyote. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kisauti kidogo tu cha mtoto. Mkono wake ukakaza hadi mishipa ikasimama. Bibi Bupe akawa anarudia kimoyomoyo, niko hapa, niko hapa, midomo yake ikienda.

Ushanga ukapepesa.

"Bupe?" akasema Bibi Subilaga. Sauti ilikuwa nyingine kabisa, ngumu, baridi. "Nani kakuruhusu kuingia jikoni kwangu?"

Angeweza kusema *wewe*. Ingekuwa kweli, na mimi ningekuwa shahidi wake. Ningemtetea kwa roho yangu yote.

"Mimi ndiye niliyesema wasikungoje," Bibi Bupe akasema. "Mama alipokufa. Wazee waliniuliza, nikawaambia msimngoje. Si wao, dada. Ni mimi. Kwa hasira."

Bibi Subilaga akauchomoa mkono wake.

"Toka."

Bibi Bupe akainuka, magoti yakimuuma, akatoka. Hakwenda mbali. Nilimwona kupitia mlango wazi, ameketi kwenye ngazi ya mawe, mvua nyepesi inamnyeshea mabegani.

Simu ikaniambia kwa sauti ya Gwakisa kwamba diski imeshuka hadi arobaini na taa zote ni za kijani. Nikaikata. Sikuwa na hamu ya taa.

"Na wewe, Tusekile wa kituo, unafanya nini kwangu?" Akakunja uso, akaangalia mguu wake, akaushika. "Hili kovu la nini? Nimeungua lini?"

Nikajua zamu yangu imefika. Mama wa watu alikuwa amefukuzwa mvuani kwa kusema kweli, halafu mimi niseme sijui? Nikasogea, nikakaa kwenye maganda ya ndizi pale alipopiga magoti mwenzangu, nikaanza upya. Maji ya moto. Ahadi. Mstari niliouzima. Wiki sita zilizopotea kwa sababu yangu. Mara ya pili haikuwa rahisi hata kidogo, ila angalau niliisema kwa mpangilio.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Leo mmeamua wote kuja kuungama jikoni kwangu," akasema. "Mimi ni padri?"

"Hapana, bibi."

"Kwenye hizo wiki sita, kulikuwa na nini?"

Nikafikiri. Usisome, usiandike. Lakini hapakuwa na sharti la kunikataza kusema niliyoyaona kwa macho yangu, akiniuliza mwenyewe. Hata hivyo nikaogopa kumsamehe mtu kwa niaba yake.

"Hayo ya kwako siyajui yote, bibi," nikasema. "Yuko anayeyajua. Ameketi hapo nje."

Akasonya. Akaokota kisu, akachukua ndizi, akaanza kumenya kana kwamba mimi sipo. Alimenya moja. Alimenya ya pili. Akanyoosha mkono kuitupa kwenye beseni, mkono ukabaki hewani.

Aliliangalia beseni. Chungu ile ya ndizi nyeupe. Aliangalia mkungu uliobaki. Akaangalia kile kisu cha pili kilichoanguka karibu na moto, na vikombe viwili vya chai vilivyokuwa juu ya jiwe, kimoja kimejaa sukari chini kwa namna ambayo yeye, baadaye nilikuja kujua, hajawahi kunywa maishani mwake. Mwisho akaangalia vidole vyake vyeusi, halafu akaangalia nje, mikono ya yule aliyeketi mvuani.

 Sikusema kitu, na mnanijua mimi kukaa kimya ni adhabu.

Kisha akainuka, akishikilia ukuta, akaburuta mguu wake hadi mlangoni.

"Wewe!" akafoka.

Bibi Bupe akageuka, uso umeloa wote.

"Hujaniambia ukweli miaka ishirini na miwili, leo umekuja kuniambia, na bado sijakusamehe. Sikiliza vizuri, bado sijakusamehe!"

"Nimesikia, dada."

"Lakini ndizi zote hizi za nini? Unadhani nani atazila peke yake?"

 Bibi Bupe aliinuka, akafuta miguu kwenye gunia la mlangoni, mguu mmoja kisha mwingine, taratibu kama mtu anayeomba ruhusa, akaingia. Bibi Subilaga alikuwa amesharudi kwenye kigoda chake. Bila kumwangalia, kwa ncha ya mguu ule ule ulioungua, alimsogezea kisu cha pili.

"Na chumvi nitaweka mwenyewe," akasema.

Jioni ile, baada ya Gwakisa kuongea nami maneno ambayo sitayarudia hapa, nilifungua maagizo ya Bibi Subilaga Mwandemele na kuiondoa ile alama. Mstari wa kugonga bega ukarudi mahali pake. Kwenye nafasi ya jina la mtu wa kumshika mkono, iliyokuwa tupu tangu alipovaa ushanga, niliandika jina la Bupe, nikalihifadhi, kisha nikampigia simu kumwambia asichelewe Jumanne.

"Nichelewe nitoke wapi?" akasema. "Niko hapa hapa, naosha vyombo."